Mkono Ulio Pembeni mwa Picha

Jina lake sitalitaja. Sijalisahau, wala simfichi. Kuna mahali pamoja tu ambapo jina lile lilitakiwa liwepo, na mimi ndiye niliyelitoa pale kwa vidole vyangu mwenyewe, kwa hiyo hapa nitamwita kama tulivyomwita sote: Mwalimu. Wazazi wetu walimwita Mwalimu, sisi watoto tulimwita Mwalimu, na nasikia hata kazini kwake Waswidi walimwita hivyo wakidhani ndilo jina lake la ukoo.

Kazi yake lakini haikuwa ualimu. Alikuwa akipiga picha za eksirei katika hospitali moja kusini mwa Stockholm. Ualimu wake ulikuwa wa Jumamosi, saa nne mpaka saa saba, kwenye chumba cha chini cha jengo moja kule Norsborg, mwisho kabisa wa treni ya mstari mwekundu. Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi walituleta pale tusaidiwe hesabu na sayansi. Mimi nilipelekwa nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimeburutwa na mama, nanung'unika njia nzima.

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja: Kiswahili. Sisi tuliozaliwa huku tulizoea kuulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiswidi. Ukimwambia "jag vet inte" alikutazama juu ya miwani yake na kusema, "Hilo nalo lina Kiswahili chake, tena kifupi zaidi." Basi unasema "sijui", na yeye anatikisa kichwa kwa furaha kana kwamba umepata jibu. Kiswahili cha Lubumbashi alikipokea, cha Nairobi alikipokea, cha Bujumbura pia. Kuna binti wa Kikongo aliyekuwa akichanganya na Kifaransa katikati ya sentensi, naye hakumkatiza hata mara moja. Alichokikataa ni mtu kunyamaza.

Mikono yake ilikuwa na joto siku zote. Nilipokuwa mdogo nilidhani ana homa. Alikuwa akikusahihisha hesabu kwa kukushika kifundo cha mkono na kukiongoza, na joto lile lilibaki kwenye ngozi mpaka unafika nyumbani. Baadaye nilikuja kujua sababu. Chumba cha eksirei ni cha baridi, na mgonjwa anavua nguo. Kwa hiyo kabla ya kumgusa mtu aliiweka mikono kwenye rejeta, lile pasha-joto la chuma la ukutani, kwa muda, akiipindua juu na chini. Ikawa mazoea. Hata kwetu, kabla ya kuanza somo, alisimama dirishani kwanza akipasha mikono, nasi tukimcheka.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mwanamke wa ulimi mkali, na alikuwa mchoyo wa sifa kupita kiasi. Nilipopata alama za juu kabisa za fizikia, mkoa mzima wa akina mama wakipiga vigelegele, yeye alisema, "Swali la sita hukulielewa, umebahatisha." Na kweli nilibahatisha. Alituhimiza tuwahi, mwenyewe hakuwahi hata harusi. Alichukia umbea, lakini vipindi vya televisheni vya watu wanaogombana alivifuata vyote, na ukimkatiza anakasirika. Alipiga picha za maelfu ya watu, mpaka mifupa yao, yeye mwenyewe hakukubali kupigwa hata moja. Simu ikiinuliwa tu, alishageuza uso. Nyumbani kwake Jakobsberg kuta zilikuwa tupu.

Alikuja Sweden kusomea nyota. Hilo tulilijua sote. Kwa nini aliacha, kila mama aliyekuwa akipika chai nje ya mlango alikuwa na jibu lake. Mama yangu alisema ni kibali cha kuishi. Mama mmoja wa Kikenya alisema ni profesa aliyempa kazi yake mtu mwingine. Mimi niliwahi kumuuliza ana kwa ana, kwa ujeuri wa miaka kumi na minne. "Niliacha," akasema. "Na eksirei ni eksirei, iwe ya kifua cha mtu au ya nyota. Leta daftari." Lakini kuacha gani kule? Kwenye begi lake kulikuwa na kompyuta kuukuu, na saa ya chakula, wenzake wakienda kula, yeye alikuwa akipakua data za darubini za angani, zile ambazo zimewekwa wazi kwa mtu yeyote. Alizitazama, akaandika kwenye daftari la mistari, akafunga. Hakumwonyesha mtu. Mimi ndiye wa kwanza kuonyeshwa.

Kabla ya hapo kulikuwa na somo la uji. Jumamosi moja alibandika sufuria kwenye jiko la umeme la chumba kile. Uji ulipoanza kutokota akatuita tuusogelee.

"Hii ndiyo ngozi ya jua," akasema. "Inachemka. Inapanda, inashuka, na katika kuchemka huko inasokota nyuzi za sumaku mpaka zinakatika. Zikikatika, jua linalipuka, na mlipuko unatoa eksirei."

Akaipua sufuria. Chini yake sahani ya jiko ilikuwa nyekundu. "Na hii ni ngozi ya nyota kubwa, zile za buluu, zenye joto la kutisha. Kuna kinachochemka hapa?"

"Hakuna," tukasema.

"Hakuna. Joto linatoka kwa mwanga tu, kwa hiyo nyuzi hazisokotwi. Nyota hizi zinavuma upepo mkali, na upepo huo ukijigonga wenyewe ndio unatoa eksirei, polepole, bila kushtuka. Chache sana zimezaliwa na sumaku yao. Sasa mkiona nyota ya namna hii imelipuka kama jua, msishangilie. Kando ya wakubwa hawa huzaliwa nyota ndogo, changa, na hizo zinalipuka ovyo. Kwa macho huzioni, mwanga wa mkubwa unazimeza. Tazameni kwanza nani amesimama karibu."

Kisha tukanywa uji. Ulikuwa na madonge.

Swali hilo, la nani amesimama karibu, lilikuwa ndilo swali la maisha yake. Lilitoka hospitalini. Mtoto mchanga hatulii mbele ya mashine, lazima mtu amshike, na mara nyingi vidole vya mama vinaingia pembeni mwa picha. Vijana aliofanya nao kazi walipenda kukata ukingo ule kwenye kompyuta ili picha iwe safi. Yeye alikataa katakata. Alitusimulia habari ya picha moja ambayo vidole vilikatwa vibaya, kikabaki kipande cha mfupa juu ya bega la mtoto, na daktari akahangaika nacho asubuhi nzima akidhani ni ugonjwa. "Mfupa ulikuwa mzima," alisema, "ila ulikuwa wa mtu mwingine. Kila picha muulize: nani mwingine yuko humu?" Basi tukawa tunaulizana hivyo kwa mzaha, hata kwenye picha za siku za kuzaliwa.

Nilisoma fizikia kwa sababu yake. Niliingia kwenye nyota kwa sababu yake. Naandika hivi sasa kwa wepesi, na kwa miaka mingi sikulisema kwa mtu yeyote chuoni.

Kazi yenyewe aliyonifundisha, mezani kwake Jakobsberg, ni ya maduara mawili. Darubini inakuletea picha ya nukta, na kila nukta ni chembe moja ya eksirei iliyofika. Unachora duara kuizunguka nyota yako, uzihesabu nukta zilizomo. Unachora duara la pili mahali patupu, ili ujue anga tupu nayo inakupa nukta ngapi, uzitoe. Duara la kwanza likiwa dogo mno, unapoteza nukta zako. Likiwa kubwa mno, unachukua za jirani. Alinichorea kwa penseli mara nyingi sana, akinishika mkono. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na bado alinishika mkono.

Katika utafiti wangu wa shahada ya udaktari nilipata mlipuko. Nyota kubwa ya buluu, joto lake la juu kabisa, imelipuka kwa saa kadhaa kama jua. Msimamizi wangu alikuja kuketi kwenye meza yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kama ni kweli, basi tuliyoyajua kuhusu ngozi za nyota hizi yangebadilika, na mimi, mtoto wa Norsborg, ningekuwa ndiye niliyeyabadilisha. Duara dogo lilinipa mlipuko wa kuhurumiwa. Nikalipanua kidogo. Nikalipanua tena.

Nilimpelekea Mwalimu rasimu ya makala yangu. Wiki moja baadaye tukakutana kwenye benchi la kituo cha Jakobsberg, yeye anakwenda zamu. Ukurasa wenye picha ulikuwa na nukta moja ya penseli, kushoto mwa nyota yangu, ndani ya duara langu.

"Nukta za zile saa za mlipuko zimeegemea huku," akasema. "Hapa pana mtu."

"Ni kasoro ya darubini, Mwalimu."

"Inawezekana. Umeangalia?"

"Nimeangalia," nikasema.

Sikuwa nimeangalia. Treni ikaja, akapanda, akanipungia mkono kwa ile karatasi yangu aliyokuwa bado ameishika, na mimi nikarudi chuoni nikiwa nimekasirika. Nilikasirikia nini? Kwamba mwanamke wa hospitalini ameona kwa penseli kitu ambacho sikutaka kukiona. Ndiyo hivyo, sina namna nyingine ya kulisema.

Jina lake lilikuwa mstari wa kwanza wa ukurasa wa shukrani wa tasnifu yangu. Msimamizi alipousoma akauliza kwa upole, "Huyu ni nani? Yuko chuo gani?" Nikamjibu kwamba hayuko chuo chochote, ni jirani wa mama yangu. Akasema ukurasa ni wangu, niandike nimtakaye. Hakuniambia nilitoe. Watu niliowahi kuwagusia habari hii wanapenda kudhani kwamba nilishinikizwa, na mimi nimewaacha wadhani. Hakuna aliyenishinikiza. Nililitoa mwenyewe baada ya chakula cha mchana, nikasogeza wengine juu, ukurasa ukakaa vizuri.

Siku ya kuitetea tasnifu, ambayo huku ni shughuli ya wazi, anayetaka anaingia, nilisimama mlangoni kupokea watu. Mama alikuwa ameshakaa. Mwalimu akaja moja kwa moja kutoka zamu, koti juu ya sare ya hospitali, mkononi kopo la aiskrimu lililojaa maandazi. Nyuma yangu walikuwa maprofesa watatu. Kila mtu wa kwetu anajua kinachotakiwa kutoka kinywani mwa mtu wa umri wangu mbele ya mtu wa umri wake. Nimempa shikamoo tangu nina miaka kumi na mmoja, hata kwenye simu, hata tukiwa tumegombana. Siku ile nilimnyooshea mkono na kumwambia kwa Kiswidi, "Karibu, nimefurahi umeweza kuja," kama ninavyomwambia mtu wa ofisi ya manispaa.

Akaupokea mkono. Wake ulikuwa wa moto. Akangoja kidogo, kama mtu anayempa mtoto nafasi ya kukumbuka. Kisha akaenda kukaa safu ya nyuma.

Mwisho mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali ukumbini. Akasimama. Aliuliza kwa Kiswidi kile anachotumia na wagonjwa, cha polepole, kila neno limekamilika: "Nani mwingine yuko kwenye picha?"

Nilicheka. Nikasema kuna watu wanaotazama anga kama wanavyotazama kifua cha mgonjwa, na kwamba sisi tuna programu za kompyuta kwa mambo hayo. Ukumbi ukacheka, si sana, kicheko cha adabu. Yeye akasema asante, akaketi. Nilipomtafuta baadaye alikuwa ameshaondoka, na maandazi yalikuwa mezani katikati ya keki. Mmoja wa maprofesa akachukua moja, akaliuma, akauliza ni kitu gani hiki kitamu, na nani amekileta.

"Sijui nani ameleta," nikasema. Mama alikuwa ubavuni mwangu. Tulipanda treni pamoja kurudi Norsborg, na kutoka katikati ya jiji mpaka mwisho wa mstari hakunisemesha. Tuliposhuka ndipo akasema, "Unamjua aliyeleta, Rehema." Mpaka leo hajalirudia, wala hana haja.

Udaktari nikapewa. Makala ikachapishwa kwenye jarida, ikatajwa na wengi. Mwalimu hakunipigia wala sikumpigia. Sijui kama aliufungua ukurasa wa shukrani, lakini kila mtu akipewa kitabu cha namna ile anafungua hapo kwanza.

Kisha ikaja picha mpya ya anga lile lile kutoka darubini yenye jicho kali zaidi. Niliifungua peke yangu ofisini. Kushoto mwa nyota yangu, pale pale penye penseli, kulikuwa na nyota ndogo. Katika muda wa picha ile ililipuka mara mbili. Nyota yangu kubwa ya buluu haikutikisika.

Kosa kama hilo lina njia yake. Unaliandikia jarida barua ya masahihisho, unasema nilikosea hivi na hivi. Watu hawafi kwa hilo. Lakini ningeandika nini? Kwamba sikujua? Nilijua, niliambiwa kwenye benchi la kituo. Na kuandika kwamba niliambiwa ni kuandika nani aliniambia. Nikaifunga kompyuta, nikakaa nalo karibu miaka miwili. Nikipita koridoni, mtu ananipongeza kwa ule mlipuko, nasema asante.

Masika haya binti yangu wa miezi minane alikohoa wiki tatu. Daktari akatutuma kwenye eksirei. Nilijua hospitali ile ni ya nani, lakini nilihesabu miaka nikasema ameshastaafu. Mlango ukafunguliwa, na pale kwenye rejeta alikuwepo, anapasha mikono.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

Hakuitikia. Aliketi kwenye kompyuta akaniuliza kwa Kiswidi namba ya utambulisho ya mtoto. Nikaitaja. Akaniuliza kama nina mimba. Nikasema hapana. Akanivika aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia eksirei, akanifungia mgongoni kama mtoto, akamlaza binti yangu, akanionyesha namna ya kuishika mikono yake midogo juu ya kichwa. Mtoto alilia mpaka Mwalimu alipomwekea kiganja kifuani. Akanyamaza, akamtazama.

"Usimwachie," akaniambia, sasa kwa Kiswahili. Akaenda nyuma ya kioo.

Picha ilipotokea akaniita niione. Mapafu yalikuwa pale, na mbavu nyembamba, na juu pembeni, vidole vyangu vinne. Msaidizi kijana aliyekuwa karibu akasogeza kipanya akitaka kukata ukingo. "Acha," Mwalimu akamwambia. Akaandika chini ya picha, kwa Kiswidi, nami nikasoma: mkono wa mama unaonekana juu kushoto. Yule kijana akatoka kwenda kumwita mgonjwa mwingine.

Nilisimama na aproni ile shingoni, mtoto begani. Nikamwambia yote. Duara, uwongo wa benchi, ukurasa, maandazi, nyota ndogo. Nilisema vibaya, kwa kurukaruka, nikilia puani. Nikamwambia naona aibu kila siku. Nikamwambia naweza kuandika habari zake, kitabu kizima, watu wamjue.

"Habari zangu nani amekuomba?" akasema. "Jina langu lirudishe ulipolitoa. Kwingine uniache." Akanifungua aproni. "Jarida umeshawaandikia?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi na mimi bado sijakuitikia."

Akaufungua mlango, akaita jina la mgonjwa anayefuata.

Niliandika wiki ile ile. Ukurasa mmoja na nusu. Mlipuko haukuwa wa nyota kubwa, ulikuwa wa jirani yake mdogo. Duara langu lilikuwa pana mno. Niliambiwa kabla ya kuchapisha nikasema nimeangalia, na sikuwa nimeangalia. Jina lake likakaa mstari wa kwanza wa shukrani, lote, na kando yake kile alichokiona na lini alikiona. Msimamizi wangu wa zamani alinipigia akauliza kama ni lazima niseme yote hayo. Nikasema ni lazima. Tangu hapo koridoni hakuna anayenipongeza, wengine wanapunguza mwendo wanaponiona, na kazi niliyokuwa nimeahidiwa mwaka ujao haizungumzwi tena. Nilifikiri aibu ingepungua. Imehama tu, zamani ilikuwa ya kuogopa kujulikana, sasa ni ya kujulikana.

Barua ilipochapishwa nikaupiga picha ukurasa ule, nikamtumia kwenye simu. Nikaandika: "Shikamoo, Mwalimu. Nimewaandikia."

Kesho yake, saa ya chakula, nilikuwa kwenye treni na mtoto mapajani, simu ikalia, ujumbe wake.

"Marahaba. Kikohozi cha mtoto kimeisha?"